Blanketi Lililopakatwa

Ketrina alimjua baba mkwe wake kwa miguu. Msicheke. Nimesema kwa miguu na ninajua ninachosema, maana mimi Loisi nilikuwa jirani yake hapa Ihanda tangu siku alipoletwa kuolewa kutoka Itumba, na nyumba yangu na yake zilitenganishwa na mistari michache tu ya kahawa.

Wakati ule mkamwana hakumtazama baba mkwe wake usoni. Hakutaja jina lake. Akikutana naye njiani alitoka pembeni, akapiga magoti nyuma ya kichaka, akainama mpaka mzee apite. Chakula alipika yeye, lakini alipeleka mwingine. Alipokalia mzee yeye hakukaa, na kitu alichokipakata yeye mapajani mwake mzee hakukigusa, sembuse kujifunika. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na Ketrina alikuwa ameletwa na heshima yake yote kutoka kwao.

Basi kila mzee Nathanaeli alipopita, yeye aliona miguu tu. Ilikuwa miguu mirefu, mikavu, na wa kushoto hauna kidole gumba. Kidole hicho kililiwa na funza zamani, wakati wa vita vya Mjerumani, mzee alipobebeshwa mizigo ya askari mpaka akaisahau njia ya kwao. Ketrina aliisoma miguu ile kama mtu anavyosoma uso. "Leo baba amechoka," aliniambia, "anaburuta wa kulia." Au, "Loisi, mpelekee uji wa moto, visigino vimepasuka, anasikia baridi." Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chakula. Nilikuwa nikimwambia, wee Mama Lusubilo, mimi namwona uso kila siku na sijui kama amechoka, wewe unajuaje? Anacheka tu.

Mumewe, Anyitike, alivuka Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba wakati binti yao Lusubilo anatambaa. Mwanzoni alituma vitambaa. Kisha akatuma salamu. Kisha kimya. Ndugu zake wakaanza kunong'ona: huyu mwanamke wa Kindali, mgeni kwetu, anakaa hapa kwa nani? Arudishwe kwao, au apewe mwanamume mwingine wa ukoo. Wakaitana kikao nyumbani kwa mzee. Ketrina alikuwa nyuma ya ukuta, ameshika mtoto, nami nimemshika yeye.

Walisema wee, walisema mpaka wakachoka. Ndipo tukasikia sauti ya mzee Nathanaeli, ya taratibu, "Mke wa Anyitike yuko kwa Anyitike. Shamba la bondeni ni lake. Atakayemgusa amenigusa mimi." Akakohoa. Kikao kikaisha.

Ketrina alilia siku ile mpaka kifua cha gauni kikalowa. Hakuweza kwenda kumshukuru. Angemshukuruje mtu ambaye hawezi hata kusimama mbele yake? Akapika kuku, nikapeleka mimi. Mzee akala, akasema, "Mwambie nimeshiba." Ndiyo shukrani na ndiyo jibu, na mambo yakaendelea hivyo kwa miaka.

Sasa nije kwenye sufu.

Bibi wa misheni, mzungu mwenye miguu ya haraka na moyo mzuri, alianzisha chama chetu cha kufuma. Kwao walikuwa wanamletea masweta makuukuu, yaliyotoboka viwiko. Sisi tuliyafumua, tukafua zile nyuzi, tukazikunja mabonge. Sindano zilikuwa spoku za baisikeli zilizonolewa kwenye jiwe. Kila mmoja alifuma vipande vya mraba, kama upana wa ungo mdogo, akavitupa kwenye kikapu. Vikijaa vinaungwa kuwa blanketi, rangi rangi, jekundu hapa, la kijivu pale. Yalipelekwa kwa wajane, kwa yatima, kwa wagonjwa wa ukoma waliotengwa kambini. Hapa Mbozi baridi ya mwezi wa sita na wa saba si ya mzaha, mtu mgonjwa huwezi kumwachia kaniki peke yake.

Mimi mkono wangu ni wa jembe. Vipande vyangu vilikuwa na pembe tatu au tano, kamwe si nne. Aida alikuwa akifuma taratibu kama mtu anayechambua dagaa. Lakini Ketrina! Yule alifuma huku anaongea, huku anatembea, huku anamtazama mtu mwingine. Vitanzi vyake vilibana hata maji yangechelewa kupita. Kwa hiyo kazi ya kuunga tulimwachia yeye. Vipande vyote, vya wote, vilipita mapajani mwake kabla ya kuwa blanketi. Tulimsifu sana kwa hilo. Jamani, tulimsifu!

Ikaja baridi ya mwaka mmoja wakati wa vita vya pili. Madukani hakukuwa na blanketi hata la dawa, yote yalikwenda kwa askari. Kila nyumba ilikuwa na moja, na watoto wanalivutana. Mzee Nathanaeli alikuwa mjane tayari, akilala karibu na moto, na kaa likarukia blanketi lake la zamani. Aliamka likiwa limeliwa nusu. Nilipompelekea uji nilimkuta amejifunga gunia la kahawa mabegani.

Nikamwambia Ketrina. Akaweka mwiko chini. "Na kifua chake?" akauliza. Nikamwambia anakohoa. "Najua anakohoa, namsikia. Nauliza kinakoroma au hakikoromi?" Nikasema kinakoroma kidogo. Akakaa chini kwenye majivu na gauni lake safi.

Chama kikakubali upesi: blanketi lililokuwa tayari sandukuni apewe mzee Nathanaeli. Mimi nilikubali. Aida alikubali. Bibi alikubali. Ketrina mwenyewe alikubali, tena alifurahi akapiga vigelegele. Hakuna aliyekumbuka! Mnaona ajabu hiyo? Sisi ambao tungekemea mtoto akikalia kigoda cha mkwe, sisi ambao tulizaliwa ndani ya miiko hiyo, hatukukumbuka. Kipande kikishaingia kikapuni kwetu kilikuwa hakina mwenyewe tena. Kilikuwa cha chama, cha kanisa, cha Mungu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Walikuwa hawajaonana na sisi.

Jumapili, baada ya ibada, Bibi alimvika mzee lile blanketi mbele ya watu wote. Mzee akalishika kwa mikono miwili, akalikaza shingoni, akafumba macho. Nilimwona anapata joto. Naapa, niliona mabega yake yanashuka. Ketrina alikuwa nje nyuma ya dirisha, maana yeye siku zote alitoka kanisani wa kwanza asikutane naye mlangoni, na kwa kuwa aliinamisha macho kama kawaida yake, aliona miguu tu chini ya blanketi. Miguu imesimama imara. Akatabasamu.

Ndipo Osea, mzee wa kanisa, akasimama kushukuru. Osea huyu Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kizibo. Kwa nini hakusema "tunawashukuru akina mama" akakaa? Ala! Akaanza kututaja. Loisi, ahsante. Aida, ahsante. "Na zaidi ya wote," akasema, na meno yake yote nje, "tumshukuru Ketrina, mkamwana wako mwenyewe mzee wetu, ambaye blanketi hili lote amelipakata na kuliunga kwa mikono yake."

Hapo ndipo sote tulipokumbuka, kwa pamoja.

Mzee alifumbua macho. Akalitoa blanketi mabegani, taratibu, bila kulitupa. Akalikunja vizuri, akaligusisha paji la uso, akamrudishia Bibi. "Nashukuru sana," akasema. "Mpeni mwenye baridi kuliko mimi." Akatoka na shati lake, na nje upepo ulikuwa unavuma kutoka milima ya Ileje.

Bibi akawa anauliza, "Amekataa? Kwa nini amekataa?" Osea akajaribu kueleza akashindwa, maana neno mapaja hakutaka kulitamka mbele ya mwanamke wa kizungu. Mwisho nikasema mimi. Bibi akapiga meza. "Mapaja yana nini? Ni sufu tu!" Akasema ni mila za giza. Nikamwambia Bibi, giza au mwanga, mzee ana baridi, na sandukuni hakuna blanketi ambalo mwanamke huyu hajalipakata. Akafungua sanduku akayatoa yote, moja moja, akiniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa kwa kila moja.

Nilikwenda kwa mzee siku ileile. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika sichagui maneno. Nikamwambia, "Baba, wewe umebatizwa. Utakufa kwa baridi kwa ajili ya mapaja ya mtu aliyekaa kwake anafuma?"

Hakuchukizwa. Alinionyesha nikae. "Loisi mwanangu," akasema, "mimi ni mzee, hata ningejifunika ngozi ya nguruwe Mungu angenisamehe. Lakini mke wa Anyitike mumewe hayupo. Amebakiwa na nini? Amebakiwa na jina lake safi. Wale waliotaka kumfukuza bado wapo. Wakiniona nimelala na kitu kilichotoka mapajani mwake, watasema nini? Watasema ndiyo maana mzee alimtetea. Na nikishasemwa hivyo, neno langu halitamlinda tena." Akakohoa mpaka akashika nguzo. "Basi uniache na gunia langu."

Nilirudi nikamweleza Ketrina neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameng'ata kona ya kanga. Nikamwambia, "Tumdanganye. Nitachukua lile blanketi, nitamwambia limetoka Tunduma, limevuka mpaka, halijui mapaja ya mtu."

"Hapana."

"Mama Lusubilo, mzee atakufa!"

"Lile kila mtu ameliona kanisani, Loisi. Na hata asingeliona mtu, mimi ningejua. Yeye ameniwekea heshima yangu miaka yote hii. Nimfunike kwa uongo?"

Nikamfokea. Nikasema heshima haimfuniki mtu, heshima haina sufu, heshima haitoi jasho. Alilia, lakini hakubadilika. Nami nikalia kwa hasira, kwa sababu walikuwa wawili wanaotakiana mema kuliko watu wote niliowafahamu, na wema huohuo ndio uliowakaba.

Ikabaki njia moja: tufume jipya, bila mkono wa Ketrina. Lakini sufu? Mizigo ya masweta ilikuwa haiji tena kwa sababu ya vita, na mabonge yaliyobaki kikapuni aliyakunja Ketrina magotini mwake. Bibi akavua sweta lake mwenyewe la kijani, akabaki na blauzi nyembamba, midomo inamgeuka rangi. Akaliweka mezani. Hakusema habari za giza tena. Siku iliyofuata akaleta soksi ndefu za marehemu mumewe na shali ya mama yake. Tukafumua.

Na Ketrina, fundi wetu, tukamwambia akae mbali. Mimi ndiye niliyemwambia. Alitikisa kichwa kukubali, akaenda nyumbani, na kesho yake asubuhi nikamkuta kwenye kahawa yangu, anachuma. "Wewe fuma," akasema. "Kahawa yako niachie." Alichuma yangu, akachuma ya Aida, akatwanga mahindi ya wote wawili, akatuletea kuni mpaka mlangoni. Mikono ile iliyoweza kumaliza blanketi kabla sisi hatujafika nusu, ikawa inabeba kuni ili sisi wajinga wa sindano tufume. Jamani, niliona uchungu kumtazama.

Jioni alipita uani kwangu akasimama kule kwenye migomba, vidole vinamcheza. "Loisi, umeangusha kitanzi."

"Kipi?"

"Cha tatu kutoka mwisho. Rudi nyuma. Hapana, si hicho. Hicho! Hapo."

Nilifumua, nikaanza upya. Angekuwa yeye, angefumba na kufumbua kimekwisha. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini baridi haikusubiri kibaba kijae. Kila asubuhi majani ya kahawa yalikuwa meupe kwa umande wa barafu bondeni. Kikohozi cha mzee kikabadilika, kikawa cha chini, kama mtu anayeburuta jiwe kisimani. Ketrina akisikia aliacha alichokuwa anakifanya, akasimama tu. Hakuweza kwenda. Hakuweza kuwasha moto wa mtu yule, wala kumshika kichwa anywe maji. Aliniuliza mimi kila nilipotoka kule: "Miguu ikoje?" Siku moja nikamjibu ukweli. Nikamwambia imevimba. Hakuniuliza tena.

Tulimkanda kwa maji ya moto. Mganga wa misheni alileta dawa ya kifua. Tuliwasha moto mpaka nyumba ikajaa moshi naye akakohoa zaidi. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Tulikuwa tumebakiza safu moja ya vipande, ya chini. Aida alikuwa na kipande chake mkononi, mimi na changu, tumekaa kwenye jua la asubuhi mbele ya nyumba ya mzee ili afurahi kutuona. Tulimsikia anakohoa. Kisha hatukumsikia. Aida akaendelea kufuma kidogo, halafu akaacha. Niliingia mimi. Mzee Nathanaeli alikuwa amelala ubavu, gunia la kahawa kidevuni.

Nilitoka nikachukua lile blanketi la kijani vile lilivyokuwa, sindano ya kuungia bado inaning'inia, nikaichomoa, nikaenda kumfunika. Blanketi likamfikia mzee. Aliyelihitaji alikuwa ameshaondoka, lakini likamfikia, na mimi nikaketi kwenye kigoda nikacheka kwa hasira mpaka Aida akaniogopa.

Wanaume walimwosha, wakamlaza, wakamrudishia blanketi lile. Kwetu mkwe akifa, mkamwana huingizwa amuage. Mauti hukata mwiko. Mama mmoja wa ukoo alimshika Ketrina mkono akamwingiza. Nyumba ilijaa watu. Osea alikuwepo, amekaa pembeni, tangu Jumapili ile alikuwa amepungua maneno. Wale ndugu wa Anyitike walikuwepo pia, wamepanga mstari ukutani.

Mama yule akafunua uso wa mzee. Ketrina akatazama. Kwa mara ya kwanza, miaka yote ile ya uji na ugali na kuku, akamwona. Alitazama kwa muda mrefu, na nikaona kwenye macho yake kwamba hamjui. Ulikuwa uso wa mzee fulani tu, una ndevu nyeupe na kovu dogo kwenye nyusi. Aligeuka akanitazama mimi kama anayeuliza, ni huyu?

Ndipo akashusha macho. Blanketi letu lilikuwa fupi, ile safu moja iliyokosekana. Lilimfikia kwenye vifundo. Miguu ilikuwa nje, mirefu, mikavu, wa kushoto hauna kidole gumba.

"Ndiye," akasema Ketrina. "Jamani, ndiye baba."

Akaenda upande ule akaketi chini, akanyoosha miguu yake, akaichukua miguu ya mzee akaiweka mapajani mwake. Akaipakata. Akaifunika kwa kanga yake na kuanza kuisugua, taratibu, kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kwenye mvua. Watu wakashtuka. Mmoja wa wale ndugu alifungua kinywa, na Osea, ndiyo, Osea huyohuyo, akamwekea mkono begani akamwambia, "Nyamaza."

Alikaa hivyo mpaka wakati wa kuzika. Nilipomwinua, mikono yake ilikuwa imeganda. "Loisi," akaniambia, "haipati joto."